Jenomu Mbili Katika Mnyoo Mmoja: Jenetiki ya Nematodi Wauao Wadudu na Udongo wa Meru

Nematodi wauao wadudu ni minyoo wa udongoni, wembamba na wafupi kiasi kwamba wengi wao, wakiwa katika hatua ya kuambukiza, hawafiki urefu wa milimita moja. Wamo katika familia mbili, Steinernematidae na Heterorhabditidae, na kila familia ina bakteria wake: Steinernema hubeba Xenorhabdus, Heterorhabditis hubeba Photorhabdus. Mnyoo humsaka mdudu na kumwingia. Bakteria humwua, huuzuia mzoga usioze na kuugeuza chakula cha wote wawili. Mnyoo asiye na bakteria wake huwa mwuaji dhaifu na mzazi hafifu, na bakteria aliyeachwa peke yake udongoni hana njia ya kumfikia mdudu. Kwa hiyo jenetiki yao ni ya jenomu mbili zinazosafiri katika mwili mmoja, na makosa mengi yaliyofanywa juu ya viumbe hawa kwa karibu karne nzima yalitokana na kuitazama jenomu moja na kuisahau ya pili.

Kwa eneo la Arusha na Mlima Meru swali hili lina uzito wa shambani. Miteremko ya mlima huu wenye urefu wa mita 4,566 imelimwa kwa kanda: kahawa na migomba juu, mahindi na maharage chini yake, nyanya na vitunguu vya kumwagilia upande wa Ngarenanyuki, na mabanda ya maua kuelekea Usa River. Karibu kila zao lina adui anayepitia udongoni. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, hukulia ndani ya tunguu la mgomba. Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Tanzania mwaka 2017, hujificha katika moyo wa muhindi kisha hushuka ardhini kugeuka pupa. Kanitangaze, yaani nondo mdogo wa nyanya, Tuta absoluta, alitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza Agosti 2014 katika kijiji cha Ngabobo, wilayani Arumeru, na baada ya misimu michache alikuwa ameshaenea mikoa mingi. Mabuu yake huchimba ndani ya jani, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haifiki vizuri, kisha mengi hudondoka chini kugeuka pupa. Tena ni mdudu mwepesi wa kuzoea dawa: Amerika Kusini na Ulaya ameshajenga usugu dhidi ya makundi kadhaa ya viuatilifu. Mahali penye wadudu wa namna hiyo, adui wa asili anayeishi udongoni na anayeingia penye tundu lolote anastahili kuchunguzwa kwa makini.

Hatua ya mnyoo huyu inayoweza kuishi nje ya mdudu ni moja tu, kinda la hatua ya tatu, linaloitwa kinda ambukizi. Kinda hili halili. Mdomo na njia yake ya haja vimefungwa, limevaa ngozi ya ziada iliyobaki kutoka hatua iliyotangulia, na linaishi kwa mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huku likisubiri au kutafuta dalili za mdudu: hewa ukaa, joto, mtikisiko, harufu ya mizizi iliyotafunwa. Likimpata huingia kwa mdomo, njia ya haja au matundu ya kupumulia. Heterorhabditis ana pia jino dogo la kuchania ngozi laini. Ndani ya damu ya mdudu Steinernema huwaachia bakteria wake kwa njia ya haja, Heterorhabditis huwatapika. Mdudu hufa katika muda wa saa 24 hadi 48 hivi. Minyoo huzaana ndani ya mzoga vizazi viwili au vitatu, na chakula kinapokwisha makinda mapya ambukizi, makumi ya maelfu na wakati mwingine laki kadhaa kutoka kiwavi mmoja mkubwa, hutoka kwenda kutafuta wadudu wengine.

Njia ya kuwanasa ni rahisi kiasi cha kushangaza, na haijabadilika sana tangu Bedding na Akhurst walipoieleza mwaka 1975. Udongo wenye unyevu hutiwa kwenye kopo pamoja na viwavi wa nondo wa nta, Galleria mellonella, wale wale ambao mfugaji nyuki huwakuta wametoboa masega ya mzinga uliodhoofika. Kopo hugeuzwa juu chini na kuwekwa gizani siku kadhaa. Kiwavi aliyekufa kwa Steinernema huwa na rangi ya kahawia hafifu au ya udongo, mwili umelegea, na cha ajabu hanuki uvundo. Aliyekufa kwa Heterorhabditis hugeuka mwekundu kama tofali, na akitazamwa katika chumba chenye giza totoro, macho yakishazoea, hutoa mwanga hafifu wa kijani-buluu. Mzoga huwekwa juu ya karatasi ya kuchujia katika kisahani kilichozungukwa na maji. Baada ya wiki moja au mbili makinda huteremka majini na maji huonekana kama yametiwa maziwa kidogo. Kazi hii haihitaji umeme wala mashine. Jenetiki inaanzia pale ambapo kisahani kinapelekwa maabara ili kujua nani yumo ndani yake, maana kwa hadubini spishi nyingi hufanana mno. Mnyoo hutambuliwa kwa kusoma vipande vya vinasaba vya ribosomu, hasa eneo la ITS na sehemu ya D2-D3, na bakteria kwa jeni ya 16S pamoja na jeni kama recA na gyrB.

Vinasaba hivyo vimevuruga dhana ya zamani kwamba familia hizi mbili ni ndugu wa karibu. Heterorhabditis yuko karibu zaidi na Caenorhabditis elegans, mnyoo maarufu wa maabara, na pia na safura wa wanyama. Steinernema yuko tawi jingine, karibu na Strongyloides, mnyoo wa matumbo ya binadamu. Ubia wa kuua wadudu kwa msaada wa bakteria ulizuka basi mara mbili, kila upande kwa njia yake. Bakteria, kinyume chake, ni ndugu wa kweli: Xenorhabdus na Photorhabdus ni jenasi mbili zinazopakana, na hadi mwaka 1993 spishi za Photorhabdus zilihesabiwa kuwa sehemu ya Xenorhabdus.

Tofauti kati ya matawi mawili ya minyoo inaonekana pia katika uzazi, na jambo hili lina matokeo makubwa kwa yeyote anayetaka kuboresha mbegu. Kinda ambukizi la Heterorhabditis hukua kuwa huntha, mwenye mayai na mbegu za kiume katika mwili mmoja. Vizazi vinavyofuata huwa na majike na madume pia. Kinda moja tu linatosha kuanzisha ukoo, na ukoo wa damu moja hupatikana kwa urahisi. Steinernema karibu wote huhitaji dume na jike tangu mwanzo, kwa hiyo lazima angalau makinda mawili ya jinsia tofauti yakutane ndani ya mdudu mmoja. Jinsia yao huamuliwa na kromosomu ya X: jike anazo mbili, dume moja.

Jenomu ya Heterorhabditis bacteriophora, spishi iliyoelezwa na George Poinar kutoka Australia katika miaka ya 1970, ilichapishwa mwaka 2013. Ina jozi za besi zipatazo milioni 77, chini ya zile milioni 100 za C. elegans. Mwaka 2015 zikafuata jenomu za Steinernema watano kwa pamoja: carpocapsae, scapterisci, monticolum, feltiae na glaseri. Kilichojitokeza katika kundi hili ni wingi wa jeni za vimeng'enya vya kuvunja protini na za vizuizi vya vimeng'enya hivyo, yaani zana za kuyeyusha tishu za mdudu na kuzima kinga yake. Jambo hilo lilirekebisha picha iliyozoeleka. Mnyoo wa kundi hili ni zaidi ya mbeba mizigo wa bakteria. Ana silaha zake mwenyewe, ingawa kwa spishi nyingi hazitoshi bila mwenzake.

Upande wa bakteria ndiko kuliko na hazina kubwa zaidi. Jenomu ya Photorhabdus aina ya TT01, iliyotoka Trinidad na Tobago, ilisomwa na timu ya Institut Pasteur ya Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003: besi karibu milioni 5.7 na jeni za protini 4,839. Wakati huo hakuna bakteria aliyewahi kusomwa akakutwa na jeni nyingi kiasi hicho zinazodhaniwa kutengeneza sumu. Miongoni mwake yamo mafungu ya sumu yaitwayo Tc, yaliyoripotiwa tangu 1998, ambayo huua kiwavi hata yakiingia kwa kinywa. Imo pia sumu ya Mcf, iliyoelezwa mwaka 2002, inayomfanya kiwavi kupoteza mkazo wa mwili na kuwa laini kama soksi yenye maji. Jeni ya Mcf ilipotiwa ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, Escherichia coli, bakteria huyo ambaye kwa kawaida humalizwa haraka na kinga ya kiwavi alipata uwezo wa kudumu na kumwua.

Mwanga wa mizoga ya Heterorhabditis hutokana na fungu la jeni tano, luxCDABE, zinazofanana na za bakteria wanaong'aa baharini. Watafiti bado wanabishana kuhusu faida ya mwanga huo. Jeni zenyewe zimekuwa chombo cha kawaida cha maabara duniani kote, zikitumika kuonyesha ni wapi na lini jeni nyingine imewashwa.

Mzoga wa mdudu mmoja juu ya udongo wenye mamilioni ya vijidudu vyenye njaa hauwezi kubaki mali ya wabia wawili pasipo ulinzi, na hapo jeni za viuavijasumu huingia kazini. Sehemu kubwa ya jenomu za bakteria hawa hutumika kutengeneza kemikali za kuwafukuza washindani. Mwaka 2019 maabara ya Kim Lewis huko Boston iliripoti darobaktini, kutoka Photorhabdus khanii, inayoua bakteria wa kundi la Gramu hasi kwa kuikaba protini ya BamA katika utando wao wa nje. Hilo ni kundi ambalo dawa mpya dhidi yake ni adimu. Kemikali nyingine ya Photorhabdus, stilbeni, iligeuzwa kuwa dawa ya kupaka ya ugonjwa wa ngozi wa soriasi, tapinarofu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Na mwaka 2023 watafiti wa huko huko Marekani walibadili sindano ndogo ya protini ya Photorhabdus asymbiotica ili ipeleke protini watakazo ndani ya seli za binadamu. Kwa nchi zenye udongo wa aina nyingi kama Tanzania, hapa pana hoja ambayo kwa kawaida haisemwi wakati minyoo hawa wanapozungumzwa kama dawa ya shamba tu: kopo la udongo kutoka mteremko wa Meru linaweza kuwa na thamani kubwa zaidi katika tiba kuliko katika kilimo.

Swali zito kuliko yote ni jinsi ubia unavyotunzwa. Mnyoo hupita vizazi kadhaa ndani ya mzoga uliojaa bakteria, kisha kinda linapotoka lazima liwe limembeba bakteria sahihi, wala si mwingine yeyote. Kwa Xenorhabdus nematophila na Steinernema carpocapsae jibu la sehemu kubwa limo katika jeni tatu, nilA, nilB na nilC. Bakteria aliyepoteza mojawapo huua kiwavi vizuri tu, lakini hawezi kukaa katika kifuko cha utumbo wa kinda. Mwaka 2008 jeni hizo tatu zilihamishiwa kwa spishi nyingine za Xenorhabdus ambazo kwa asili hazikai ndani ya S. carpocapsae, nazo zikaweza kukaa. Jeni tatu kati ya maelfu, basi, ndizo zinazoamua nani anaruhusiwa kuingia nyumba gani. Hata hivyo wanaoingia ni wachache: kifuko cha kinda huanzishwa na seli moja au mbili, ambazo baadaye huzaana kufikia makumi kadhaa au zaidi. Kila kizazi jenomu ya bakteria hupita katika tundu jembamba kiasi hicho, na badiliko dogo la vinasaba linaweza kuenea katika ukoo mzima ndani ya muda mfupi.

Photorhabdus amefuata njia nyingine, tata zaidi. Bakteria hushikamana kwanza na seli za nyuma za utumbo wa mama, huingia ndani ya tezi za njia ya haja, kisha huwafikia watoto ambao, kwa ukatili wa kawaida wa viumbe hawa, huanguliwa ndani ya mwili wa mama na kumla. Kushikamana huko kunategemea nywele za protini ziitwazo Mad. Kazi iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba kipande kifupi cha vinasaba kilicho mbele ya jeni za mad hugeuka kichwa chini miguu juu, na kwa kugeuka huwasha au kuzima fungu zima. Kikiwa upande mmoja, bakteria ni mwuaji: hukua haraka, hutoa sumu, hung'aa. Kikigeuka, makoloni yake huwa madogo, hukua polepole, sumu hukoma, naye huweza kushikamana na utumbo wa mnyoo. Kiumbe kimoja chenye vinasaba vile vile kina hulka mbili, na swichi kati yake ni kipande kimoja kinachopinduka. Stilbeni iliyotajwa hapo juu nayo imo katika mapatano haya. Bakteria aliyenyimwa jeni ya stlA hawezi kuitengeneza, na makinda ya Heterorhabditis yakilelewa naye hushindwa kuamka vizuri kutoka usingizi wa hatua ya kuambukiza, kana kwamba hayakupewa habari kuwa chakula kimefika.

Kutoelewa mambo haya kuliwahi kugharimu. Mwaka 1929 Rudolf Glaser aliwakuta minyoo ndani ya mende waharibifu wa Kijapani huko New Jersey. Steinernema glaseri amebeba jina lake. Aliwazalisha kwa wingi juu ya chakula cha maabara na kuwasambaza mashambani katika miaka ya 1930, lakini bakteria mshirika alikuwa hajajulikana, na njia zake za kuzuia uchafu kwenye chakula hicho ziliwaondoa pia bakteria waliohitajika. Matokeo ya shambani yalipanda na kushuka bila sababu iliyoonekana, kisha dawa za kemikali zikachukua nafasi. Bakteria wa S. carpocapsae alielezwa na Poinar na Thomas katikati ya miaka ya 1960, na jina la Xenorhabdus lilitolewa mwaka 1979.

Hata leo, minyoo wanaozalishwa maabara kizazi baada ya kizazi hupoteza ubora. Hupungua uwezo wa kumtafuta mdudu, uvumilivu wa joto, wingi wa uzao. Sababu ziko pande zote mbili. Kwa mnyoo, koo ndogo huzaana zenyewe kwa zenyewe, na maisha ya starehe ya maabara hayamchagui aliye hodari. Kwa bakteria, Xenorhabdus na Photorhabdus wana umbo la pili, lililoelezwa na Akhurst mwaka 1980, ambalo hutokea wakikuzwa muda mrefu: halitoi viuavijasumu vya kutosha, na kwa kawaida minyoo hawalelewi nalo vizuri. Dawa mojawapo ya tatizo hili inapingana na mazoea ya mfugaji wa ng'ombe. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa H. bacteriophora, kutengeneza koo nyingi za damu moja kwa makusudi, kisha kuchagua zilizo bora, huzuia ubora usiteleze. Ukoo uliokwisha kuwa sawa kijenetiki hauna tena tofauti za kupotea, na uhuntha hulifanya jambo hilo liwezekane kwa vizazi vichache.

Juhudi za kuboresha zimefuata njia tatu, na zimefaulu kwa viwango tofauti. Kuchagua tu, kizazi hadi kizazi, huinua sifa fulani kisha sifa hiyo hushuka uteuzi unapokoma. Kuchanganya koo kumefaulu zaidi: aina ya H. bacteriophora iliyotoka jangwa la Negev, inayovumilia joto, ilichanganywa katika miaka ya 1990 na aina za biashara, na chotara wakarithi uvumilivu huo bila kupoteza ukali. Njia ya tatu, ya kuhamisha jeni, ilisifiwa kuliko ilivyostahili. Jeni ya protini ya joto hsp70A kutoka C. elegans ilitiwa ndani ya H. bacteriophora, na maabara minyoo hao walistahimili joto kali kuliko wenzao kwa mbali. Walipoachiwa shambani New Jersey hawakudumu zaidi ya minyoo wa kawaida. Shamba lina ukame, jua, ukungu na wadudu walao nematodi; jeni moja ya joto haiwezi kuyajibu yote.

Zana za kuuliza maswali sahihi zimeongezeka karibuni kwa sababu ya spishi moja yenye tabia ya pekee. Steinernema hermaphroditum, aliyeelezwa kutoka Indonesia mwaka 2004, ni Steinernema mwenye uhuntha, kwa hiyo hufanyiwa jenetiki kama C. elegans. Tangu 2022 maabara ya Paul Sternberg huko California imetengeneza koo zake zenye mabadiliko maalumu na kutumia CRISPR kuhariri jeni zake. Bakteria wake ni Xenorhabdus griffiniae. Spishi hiyo hiyo ya bakteria, katika aina iitwayo XN45, imepatikana ndani ya nematodi kutoka Kenya, na jenomu yake imesomwa na Ryan Musumba Awori na wenzake. Mshirika wa mnyoo anayeelekea kuwa kielelezo cha dunia nzima katika fani hii yupo pia katika udongo wa Afrika Mashariki.

Kwa ujumla kanda hii imeanza kuonekana katika orodha ya dunia, ambayo sasa ina zaidi ya spishi 100 za Steinernema. Kenya ilitoa S. karii mwaka 1997, jina likitokana na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya wakati ule. Ethiopia ilitoa S. yirgalemense mwaka 2004. Tanzania iliingia mwaka 2011, pale Mwaitulo na wenzake walipochapisha ripoti ya kwanza ya nematodi hawa nchini pamoja na majaribio ya kuwaua fukusi wa migomba, mabuu na wakubwa. Mwaka 2017 yakafuata maelezo ya spishi mpya, Steinernema pwaniensis, jina lililochukuliwa Pwani. Mpangilio wa majina hayo unaeleza zaidi njia ya wachunguzi kuliko utajiri wa udongo. Mlima Meru una sifa ambayo Pwani haina: ndani ya safari ya saa chache udongo wa majivu ya volkano hupanda kutoka nyanda kame na za joto za kaskazini hadi msitu wa mvua wenye baridi. Koo za mnyoo mmoja zilizokaa katika ngazi hizo zinatarajiwa kutofautiana katika uvumilivu wa joto na ukame, na hiyo ndiyo malighafi ya kuchanganya koo. Jangwa la Negev lilikuwa na thamani kwa sababu hiyo hiyo.

Mfano mmoja wa fani hii kufika shambani, si mbali na Arusha, ni Rwanda. Huko nematodi wa asili walikusanywa, wakatambuliwa kwa vinasaba, na uzalishaji ukaanzishwa Rubona kwa ushirikiano na CABI. Majaribio dhidi ya viwavijeshi vamizi yalitumia S. carpocapsae wa Rwanda ndani ya ute wa selulosi, uliowekwa katika moyo wa muhindi mahali kiwavi anapojificha. Ute huo ndio uliobadili hesabu, kwa kuwa kinda likiachwa juu ya jani hukauka au huuawa na mionzi ya jua kwa muda mfupi. Na ndani ya ute matokeo yalishindana na dawa ya sipametrini. Kwa kanitangaze majaribio ya Hispania yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba makinda huweza kuingia ndani ya mifereji ya jani na kuua buu humo humo. Kwa fukusi, vipande vya shina la mgomba ambavyo wakulima huvilaza shambani kama mtego ni mahali pa wazi pa kuwawekea minyoo, kwani kuna kivuli, unyevu na fukusi waliojileta wenyewe. Usalama kwa mtu na mifugo hauna wasiwasi mkubwa, kwa kuwa bakteria wengi wa kundi hili hawastahimili joto la mwili. Wa kuangaliwa ni P. asymbiotica, aliyewahi kuambukiza watu Australia na Marekani. Kutambua bakteria kwa jeni zake kabla ya kuzalisha mnyoo yeyote mpya ni sharti la usalama.

Taasisi za kazi hiyo ziko Arusha kwenyewe. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyorithi kazi za TPRI chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ina makao yake Ngaramtoni, nayo ndiyo inayoruhusu viumbe vya udhibiti wa kibiolojia kuingia na kutumika nchini. Tengeru kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela yenye maabara za sayansi ya maisha, na hapo jirani ofisi ya kanda ya Kituo cha Mboga Duniani. Kuhusu jeni zilizohamishwa sheria ina mlango mwembamba: kanuni za usalama wa teknolojia ya kisasa za mwaka 2009 zinadai vibali vizito, na mwaka 2021 Wizara ya Kilimo ilitangaza kusitisha majaribio ya mazao ya aina hiyo. Zuio hilo halihusu kuchagua wala kuchanganya koo, ambazo, kama ilivyoonekana, ndizo njia zilizozaa matunda zaidi.

Kifurushi cha minyoo kutoka nje kina faida ya kupatikana haraka na hasara ya kuleta koo zilizochaguliwa kwa mabanda ya Ulaya, pamoja na bakteria ambao mnunuzi hajui wako katika umbo gani. Mkusanyo wa Meru ungehitaji muda, lakini gharama yake kubwa ni utunzaji. Ngaramtoni tayari kuna benki ya taifa ya nasaba za mimea inayohifadhi mbegu katika baridi. Nematodi hawahifadhiwi kama mbegu. Bakteria huwekwa katika gliseroli kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, wakiwa bado katika umbo la kwanza. Minyoo hugandishwa katika naitrojeni kimiminika. Kila ukoo hupewa namba moja kwa wabia wote wawili, pamoja na mahali na mwinuko ulikotoka, na kila unapozinduliwa hupitishwa kwanza ndani ya kiwavi wa nondo wa nta ili rangi ya mzoga, idadi ya makinda na jeni za bakteria zilinganishwe na zile zilizoandikwa siku ulipokusanywa.